IT wetu ni muuguzi, si mashini. Kabla ya tablete kuingia kwenye vituo vyetu, mtujibu!

Wandugu wananchi wa Beni, Butembo, Oicha, Mangina na Lubero, vijana wa kartié zote,

Kuna neno moja linachekesha kidogo. Kwa watu wa kompyuta, «IT» maana yake ni mambo ya teknolojia. Huku kwetu, kila mama anayepeleka mtoto santre anajua IT ni nani: ni infirmié titilere, muuguzi mkuu wa kituo. Ni yeye anapokea mgonjwa, anaandika kwenye rejista, anahesabu dawa, anazalisha usiku na taa ya simu mdomoni. Mwisho wa mwezi ni yeye tena anajaza ile karatasi ndefu ya SNIS, kaneva, ili biro ya zoni ya afya iweze kuiingiza kwenye DHIS2, programu ambayo nchi nzima inatumia kwa ripoti za afya.

Mtu yeyote anayetaka kuleta mashini kwenye afya yetu, aanzie kwa huyo IT. Shida yetu ni kwamba wengi wanamruka.

Tusidanganyane. Sisi vijana tunaishi na simu mkononi, hatuwezi kupinga kompyuta. Tunajua faida ya mgonjwa kutoka Kyondo kufika Butembo na historia yake ikamfuata. Tunajua faida ya kuona mapema kwamba surua inapanda kwenye eneo fulani. Serikali ina mpango wake wa taifa wa afya ya kidijitali, na imeunda ajensi ya hiyo kazi, ANICNS. Muzuri. Lakini makosa ya kazi hii ni ghali, na hapa kwetu bei yake hailipwi na yule aliyekosea. Inalipwa na mgonjwa.

Tuliona kwa macho yetu.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, kuanzia Mangina. Mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikufa, wengi wao wa hapa: Katwa, Beni, Butembo, Mabalako. Fedha zilikuja, magari yalikuja, kompyuta zilikuja. OMS ilileta mpaka programu ya kufuata kontakti, Go.Data, yenye kupanga nani alimgusa nani na kuhesabu zile siku 21 za kuchungwa. Hatusemi ile programu ilikuwa mbaya. Tunasema programu haiwezi kuandika jina ambalo mtu amekataa kutoa. Mara ngapi mgonjwa mpya alikutwa hayuko kwenye liste yoyote? Mara ngapi mtu alifia nyumbani, ndipo ekipe ikapata habari? Mama alificha majina ya watoto wake kwa sababu hakujua yale majina yanaenda wapi, na nani atakuja nayo kesho asubuhi na jeep.

Na kwa nini hakuamini? Kumbukeni. Tarehe 26 Desemba 2018 CENI ilisema Beni na Butembo hazitapiga kura tarehe 30, eti kwa sababu ya Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, ni kura tu ndiyo ilikuwa na virusi! Miezi yote walitusifia mashini ya kupigia kura, kisha siku yenyewe ilipofika wakatuambia sisi tubaki nyumbani. Vijana wa Beni walipanga kura yao wenyewe mitaani. Kesho yake ya lile tangazo, hasira ilifika mpaka kwenye kituo cha kupokea wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mukameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa akiwa kazini Butembo. Ile damu tuliikataa na tunaendelea kuikataa, hakuna sababu ya kuua munganga. Lakini funzo libaki: pale imani imekufa, hakuna tablete inayofanya kazi. Watu waliita ile kazi yote «Ebola business», na hilo jina halikutoka hewani.

Sasa tuje kwenye leo. Tulitembelea santre moja, jina tunaliacha ili tusimtie IT wake matatani. Mezani kuna rejista za karatasi, sita. Kabatini kuna tablete mbili za miradi miwili tofauti, moja imepasuka, nyingine neno la siri lake liliondoka na ajenti wa mradi. Tulimuuliza IT kama zilimsaidia. Akacheka: «Wakati ule nilikuwa naandika mara tatu. Rejista, kaneva, na tablete yao. Mgonjwa alikuwa anangoja.» Rezo ilikuwa inakatika, mega alikuwa ananunua na makuta yake. Mradi ulipoisha, picha za uzinduzi zilibaki kwenye ripoti. Yeye alibaki na biki.

Huo ugonjwa si wetu peke yetu. Vukeni Kasindi, muangalie Uganda. Kila shirika lilikuwa linakuja na simu zake, programu yake, semina yake. Hakuna mfumo ulioongea na mwingine, na fedha ya mradi ikiisha, mfumo unakufa. Ilifika Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ikasema: basi, simamisheni. Hakuna mradi mpya wa namna hiyo bila ruhusa, bila kuonyesha utaungana namna gani na mifumo ya nchi na utaendelea namna gani mfadhili akienda. Waliita kusimama huko kukosa maendeleo? Hapana, ilikuwa akili. Kwa nini sisi tungoje mpaka kabati zijae?

Na msifikiri ni umaskini tu. Uingereza, nchi tajiri, ilianza mwaka 2002 mradi wa kuunganisha faili za wagonjwa wote wa hospitali zake. Uliamuliwa juu, ukashushwa chini, waganga hawakuulizwa vya kutosha. Mwaka 2011 serikali yao ikaamua kuuvunja, na hesabu ya gharama ilikaribia paundi bilioni 10. Wao wana fedha ya kukosea. Sisi hatuna.

Mfano wa kufuata upo karibu. Mwaka 2001, Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani karibu na Eldoret, Kenya, walianza na kompyuta mbili na betri za sola. Walianza na kazi ya kila siku ya kile kituo: kuandikisha mgonjwa, kuandika alivyotibiwa, kutoa ripoti. Kutoka ile kazi ndogo walikuza mfumo mkubwa wa wagonjwa wa UKIMWI wa eneo lile, na baadaye ikasaidia kuzaa OpenMRS, programu ya bure inayotumika leo katika nchi nyingi. Walianza kidogo, wakasahihisha, ndipo wakapanua.

Kuna jambo lingine ambalo huku Grand Nord hatuna haki ya kusahau. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka, na gavana na ofisi zake wakahamia Beni. Kila mtu alielewa siku ile kwamba swali la «serveri iko wapi, na nani ana ufunguo» si swali la fundi peke yake. Liste ya wagonjwa wa UKIMWI, ya wanawake waliobakwa, ya askari waliotibiwa: ikianguka mikononi mwa mwenye bunduki, ni liste ya kifo. Kodi ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data za mtu katika nchi hii. Sheria iko. Nani anaifuata kwenye santre?

Kwa hiyo, kwa Wizara, kwa divizio ya afya, kwa mashirika na wafadhili, tunauliza maswali matano. Mtujibu mbele ya watu, kwa Kiswahili na Kinande, kabla ya kufungua karto ya kwanza ya tablete:

1. Mfumo wenu utamuondolea IT kazi gani? Kama anaongezewa tu, muurudishe.

2. Umeme, rezo na mega, nani analipa, na mwaka wa tatu nani atalipa?

3. Utaongea na DHIS2 na mifumo iliyopo, au mnaleta kisiwa kingine?

4. Data zinakaa wapi, nani anaziona, na siku ya vita zinafungwa namna gani?

5. Mradi ukiisha, nani anabaki na neno la siri, na fundi gani wa hapa anajua kutengeneza?

Na tunaomba jambo moja rahisi: muanze na vituo vichache, mvipe miezi ya kutosha, karatasi ikae pembeni mpaka mashini ithibitishe, na matokeo yatangazwe hata kama ni mabaya. Mradi uliosimamishwa mapema ni hasara ndogo. Mradi uliofichwa ni wizi.

Kwenu vijana wenzetu mliosoma informatiki hapa Butembo na Beni: msingoje semina ya hoteli. Nendeni mkae siku nzima kwenye santre ya kartié yenu, muangalie IT anafanya kazi namna gani, ndipo muandike programu. Na sisi wote tuache kupiga picha wagonjwa na kuzitupa WhatsApp. Hatuwezi kudai siri kwa wakubwa wakati sisi wenyewe tunaiuza kwa like.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba 2021, ikarudi tena Beni Agosti 2022. Siku itakaporudi tena, mama atamuangalia IT wake machoni kwanza, kabla ya kusema jina la mtoto wake. Hiyo imani ndiyo mfumo wa kwanza. Muijenge hiyo, kisha mlete mashini.

Tuko macho. Tunangoja majibu.