Idi Isiyohitaji Deni



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo sisi walimu pia tumo ndani yake, nalo ni gharama za Idi.

Baada ya Idi el-Fitri iliyopita, wanafunzi watatu hawakurejea chuoni kwa zaidi ya wiki. Tulipokwenda majumbani kwao hatukukuta maradhi wala safari. Mmoja alituambia mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba hakupata kanzu mpya na aliona haya kuonana na wenzake. Na kanzu hiyo ni sisi tulioitaka. Tulitangaza wanafunzi wote washone kitambaa cha aina moja ili siku ya Idi tupige takbira pamoja. Tulidhani tunapendezesha, kumbe tunawapangia wazazi deni. Kwa hilo tunaomba radhi.

Hali za maisha tunazijua sote. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilisimamisha uvunaji wa miwa hapa Tanzania, sukari ikaadimika na bei ikapanda, na Ramadhani nayo inabisha hodi. Mwaka mwingine huwa ni mafuta, mwingine mchele. Lakini orodha ya Idi haipungui: nguo jozi mbili, viatu, mapazia, keki ya kuagiza, na pesa za viwanja vya sikukuu kwa siku zote. Wapo wanaokopa ili jirani asione.

Tujiulize, dini imetutaka nini siku hiyo? Kuoga, kuvaa kilicho bora katika tulivyonavyo, kula tende kwa idadi ya witiri kabla ya kwenda kuswali Idi el-Fitri, kupiga takbira, kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Kabla ya Swala tuwe tumetoa Zakatul-Fitri, pishi moja ya chakula kwa kila nafsi, ili na maskini apike. Wala furaha haikukatazwa. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.) siku ya Idi, Abubakar (R.A.) akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamtaka awaache kwa kuwa ni siku ya sikukuu. Furaha ile haikununuliwa dukani.

Sisi tuliovuka miaka thelathini tumeiwahi Idi ya kutengeneza. Kumi la mwisho likiingia, nyumba nzima ilikuwa na kazi. Mchele ulirowekwa, ukatwangwa kwenye kinu na kuchekechwa kwa ajili ya vileja. Mkate wa kumimina ulipikwa kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mtoto mmoja alikaa na kipepeo asibanduke. Visheti ndivyo vilivyokuwa na vurugu zaidi: huyu anakata, yule anakaanga, mwingine anavigeuza kwa mwiko ndani ya sukari iliyochemka mpaka igande na kuwa nyeupe. Tumefunga, kwa hiyo aliyelikaribia sinia mara nyingi alishukiwa. Majani ya mhina yalichumwa nyuma ya nyumba. Kanzu ya kaka ilipunguzwa akavaa mdogo wake, na hakuna aliyeuliza ni mpya au la. Sahani iliyofunikwa kawa ilikwenda kwa jirani na haikurudi tupu.

Hatusemi vitu vile vilikuwa bure. Unga, samli na sukari vinanunuliwa. Lakini mtoto aliyegeuza visheti aliiona Idi kuwa yake kabla mwezi haujaandama. Wa leo anasubiri kuletewa, na asipoletewa anajificha, kama yule wetu.

Tahadhari moja: mambo ya nyumbani yasigeuke kuwa mama peke yake jikoni hadi alfajiri huku wengine wakitazama televisheni. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Wavulana nao wana mikono.

Basi mwaka huu sare ya Idi imefutwa. Kila mwanafunzi aje na nguo safi aliyonayo. Tarehe 27 Ramadhani baada ya Swala ya Alasiri tutakutana uani chuoni kupika visheti. Mwenye uwezo alete kikombe cha unga au sukari, asiye nacho aje vivyo hivyo. Wavulana wa darasa la juu watashika miiko. Vitakavyopatikana vitagawiwa sawasawa, kila mtoto apeleke kwao. Mzazi mwenye sufuria kubwa atuazime.

Wabillahi taufiq.