Kimea chetu kitoke shambani, si katika mfuko wa mbegu



Bamama wanaotengeneza munkoyo na kibuku hapa Dilala wametuuliza zaidi ya mara moja: je, mradi hauwezi kutuletea shayiri na hubloni, ili pombe yetu ifanane na Simba ao Tembo ya chupa? Tujibu wazi. Hapana, na hata kama njia ingekuwepo, tusingewashauri.

Hubloni ni ua linalotia bia uchungu na kuisaidia isiharibike upesi. Mmea wake unataka siku ndefu wakati wa kukua, ndiyo maana unalimwa mbali na ikweta, kama kule Ujerumani na Marekani. Hata huko George, Afrika ya Kusini, wakulima walikuwa wanawasha taa mashambani usiku ili kuudanganya mmea, mpaka zilipopatikana aina zinazovumilia siku fupi. Kwetu Kolwezi siku iliyo ndefu kuliko zote, mwezi wa 12, haifiki saa 13 za mwanga. Ukipanda hubloni hapa utavuna majani tu. Shayiri nayo inapenda baridi, na kimea chake kinanunuliwa ngambo kwa dola.

Na kusema kweli, kibuku hakina haja ya hubloni. Uchachu wake ndio unakilinda. Kazi kubwa iko kwenye kimea: nafaka ikilowa na kuota, inatengeneza ndani yake nguvu ya kugeuza wanga wa uji kuwa sukari. Bila sukari hiyo hakuna kitu kitakachochacha. Hapo ndipo tunataka tuongee, kwa sababu tunaona watu wanachagua jina la pombe kwa uangalifu lakini nafaka ya kimea wanachukua yoyote iliyo karibu.

Munkoyo iko na njia yake. Muzizi unapondwa, unatiwa katika uji wa mahindi uliopoa kidogo, na baada ya saa chache uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Muzizi ndio unafanya kazi ya kimea. Wazee wetu waligundua jambo hili bila laboratwari, na tunawapongeza. Lakini ukichimba muzizi unaua mmea, na pori la kuzunguka Kolwezi linakatwa kwa makala na kufunguliwa kwa machimbo. Mama anayetafuta munkoyo leo anatembea mbali, ao ananunua kwa mtu aliyetembea mbali. Upande wa mashariki wa Zambia kuna kinywaji ndugu ya munkoyo, kinaitwa thobwa, na wenyewe wanatumia kimea cha nafaka ndogo pahali pa muzizi. Ladha si ileile, tunakubali. Lakini kimea unaweza kukipanda kila mwaka.

Sasa, nafaka gani? Kama mtu angetuomba tuchague moja tu, tungechagua ulezi. Punje zake ni ndogo, kuota kunakwenda upesi, kimea chake kina nguvu, na ghalani unakaa miaka bila kuliwa na wadudu. Masaka, yaani mtama, inafuata. Mahindi ni ya mwisho. Kimea chake ni dhaifu, na tena mahindi ni bukari ya watoto. Tusisahau mwaka 2024, wakati ukame uliharibu mavuno ya Zambia, na sisi wa Lualaba tunategemea sana mahindi yao. Kulowesha mahindi kwa ajili ya pombe wakati kama ule ni kuchukua katika sahani.

Juu ya masaka kuna ubishi ambao haujaisha kati ya mkulima na mpikaji. Mkulima anataka ile nyekundu, chungu, kwa sababu ndege hawaipendi. Mpikaji anataka nyeupe, kwa sababu uchungu ule wa nyekundu unafunga nguvu ya kimea na pombe inakuwa maji. Wote wawili wana haki. Onja punje: kama inakausha ulimi kama ndizi mbichi, ndiyo ile. Huko Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, walimaliza ubishi huu zamani. Wanachanganya masaka ya uchungu na majivu ya kuni na maji, wanaiacha ilowe, halafu inaota. Majivu yanavunja uchungu. Tunaona hiyo ni njia nzuri kwa vijiji vyetu vyenye ndege wengi, kuliko kuweka watoto shambani na makombeo wakati wangekuwa masomoni.

Kabla ya kulowesha mfuko mzima, hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa chenye maji, ngojea siku tatu. Zikiota chini ya 90, nafaka hiyo peleka kwenye kinu. Ile isiyoota inaoza katikati ya zile zinazoota, na ukungu unaanzia hapo. Lowesha siku moja huku ukibadilisha maji. Tandaza chini ya kivuli siku tatu mpaka tano, geuza na nyunyiza. Kichipukizi kikizidi kidogo urefu wa punje, simamisha, anika juani. Usianike kando ya barabara ya makamyo ya machimbo, maana vumbi ile si vumbi ya kawaida, na kuchemsha hakuondoi metali. Masaka ikikauka, sugua sana ili vichipukizi na mizizi yote itoke, kwa sababu masaka changa ina sianidi ndani yake, sumu ileile ya muhogo mchungu. Ulezi hauna shida hiyo.

Yote hayo bamama wengi wanayajua kutushinda. Lililotusukuma kuandika ni lingine.

Kila kampanye mbegu zinagawiwa, na kila kampanye zinabakia. Mfuko umefika na mvula imeshakwenda, ao shamba limekuwa dogo kuliko orodha. Mbegu ile nyekundu ao ya rangi ya bulu iko nyumbani, inaota vizuri sana (ndiyo kazi yake), na mama anasema: "Ilibakia, sasa tuitupe?" Anaosha mpaka maji yatoke meupe, analowesha kimea.

Bamama, rangi inatoka, dawa inabaki. Rangi imewekwa ili kuonya tu. Dawa nyingi za wadudu zinazopakwa kwenye mbegu zimetengenezwa ziingie ndani ya chipukizi ili mdudu akiuma afe. Ukifanya kimea, unaikaribisha dawa iingie ndani. Mwaka 1971, Irak ilipokea ngano na shayiri ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki. Ilifika kwa kuchelewa, wengine walikuwa wamekwisha kupanda, na lugha iliyoandikwa kwenye mifuko haikuwa lugha yao. Wengine waliosha rangi wakafikiri sumu imekwenda, wakapika mikate. Watu zaidi ya 6,000 waliingia hospitali, na serikali ilihesabu vifo 459. Dawa za leo si zebaki ile, lakini mengine yanafanana sana na yetu: mbegu ya msaada, kuchelewa, lugha ya watu wengine.

Na nafaka iliyoharibika? Kuna wanaosema pombe inasafisha, moto unaua yote. Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya nyumbani kwenye kilio. 75 walikufa, na wengine zaidi ya mia waliugua. Kwanza ilisemwa ni nyongo ya mamba, ni uchawi, ni mtu aliyetia sumu. Walipochunguza waligundua bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika, na sumu ya bakteria ile haiuawi na moto wa kupikia. Mama aliyepika naye alikufa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na unga.

Kwa hiyo tunasema hivi, na tunajua si wote watakubali. Mahindi yaliyolowa ghalani, yenye ukungu ao harufu, yasiwe kimea, na kuku nao wasipewe. Mbegu ya rangi iliyobakia irudishwe kwenye depo ya koperative mbele ya mwezi wa pili, iandikwe jina la mwenyewe, akabidhiwe kampanye inayofuata. Na wale wanaoleta mbegu, sisi maagronomu tukiwa ndani, tuandike kwenye kila mfuko kwa Kiswahili, maneno makubwa: SI YA KULA, SI YA POMBE. Etiketi ya Kifaransa yenye herufi za kama chungu haimsaidii mtu.

Wengine wanataka tulime masaka tuuzie viwanda vya bia. Si wazo baya, lakini tuangalie Kenya. Wakulima wengi walilima mtama kwa ajili ya bia ya Senator, iliyokuwa imesamehewa kodi. Mwaka 2013 serikali ikarudisha kodi, mauzo yakaanguka, na mtama ukabaki kwa wenyewe. Wateja wetu wa kwanza wako karibu: ni bamama wanaopika kila wiki, na wananunua kimea kwa meka sokoni bila kujua kilitoka wapi.

Tunapendekeza kila kikundi kitenge kipande kimoja cha ulezi ao masaka kwa kimea tu, kipandwe mwezi wa 12, ulezi na masaka visichanganywe. Bei ipatanwe na wapikaji kabla ya kupanda, maana baada ya mavuno kila mmoja anakumbuka bei yake. Jambo hili litakuwa katika mkutano wa mwezi wa 10. Wapikaji waalikwe, hata wasiokuwa wanachama.