Ziwa Kivu: boti isiondoke bila kuandika njia yake

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaiona. Je, ikizama usiku katikati ya ziwa, nani ataonyesha mahali?

Simu nyingi za leo zina GPS. Inapokea ishara za setilaiti bila kula mega, hata pasipo mtandao, na programu ndogo inaandika njia yote: saa, mwendo na mahali. Ukungu ukishuka, nahodha anaweza kufuata mstari uleule kurudi alikotoka.

Lakini kuandika njia siyo kuita msaada. Simu ikizama, njia inazama nayo. Kwa hiyo, kila mara mtandao unapopatikana, nahodha amtumie mtu wa bandarini mahali alipofika. Boti ikichelewa, waokoaji watajua pa kuanzia.

GPS haipunguzi mizigo iliyozidi, wala haimvalishi abiria jile ya kuokoa maisha. Ni juu ya viongozi wa bandari kukagua hayo yote kabla boti haijafunguliwa kamba. Na abiria naye aulize kabla ya kupanda.