Uchafu Huenda Wapi?

Wanafunzi wangu wa isimu hucheka kila nijitosapo katika mambo ya kemia. Hata hivyo, neno ni neno, nalo lanihusu. Mwezi Mei mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, yakaingia Mto Thange huko Kibwezi, Makueni, na wakulima wakaharibikiwa na maji na mashamba kwa pamoja. Tangu hapo nimekisikia kitenzi "kusafisha" kikitumiwa kwa wepesi mno. Je, msomaji, umewahi kuuliza uchafu wenyewe huenda wapi?

Mojawapo ya njia za kuosha ardhi iliyoingia mafuta ni kutumia safaktanti, yaani kemikali za jamii ya sabuni. Kila molekuli yake ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao, ukaambatana na mafuta. Ndumakuwili hasa! Zikizidi kiwango fulani majini, molekuli hizo hujikusanya vitonge vidogo vidogo, mikia ndani, vichwa nje, na kuyabeba mafuta yaliyonata kwenye chembe za udongo. Maji matupu hayana uwezo huo.

Lakini ndumakuwili haaminiki. Katika mchanga, maji hayo hupita upesi na huweza kuvutwa kwa pampu. Katika udongo wa mfinyanzi, sehemu kubwa ya dawa hunaswa na udongo wenyewe. Fauka ya hayo, yasipovutwa ipasavyo, mafuta yaliyokuwa yamekwama huteremka hadi kwenye maji ya visima. Tena baadhi ya dawa zina sumu. Meli ya Torrey Canyon ilipopasuka karibu na Cornwall, Uingereza, mwaka 1967, fuo zilimwagiwa maelfu ya tani za sabuni kali, na viumbe wa miambani wakaangamizwa na sabuni kuliko mafuta. Siku hizi zipo zilizo pole zaidi, hata zitengenezwazo na bakteria, ila bei yake si ya mchezo.

Sasa turudi kwenye sarufi. Afisa akitangaza kwamba "udongo umesafishwa", kauli ya kutendwa humficha mtenda, kama tufundishavyo darasani. Hapa humficha na mafuta pia. Mwalimu wa Kibwezi, ambaye wanafunzi wake huteka maji kisimani, ana haki ya kudai sentensi kamili: nani aliosha, kwa dawa gani, maji ya kuoshea yalipelekwa wapi, na kisima kilipimwa lini.