Ilani ya Wasomaji wa Mshangano

Sisi wanafunzi na walimu wa fasihi tunaoishi Mshangano, Manispaa ya Songea, tunaanzisha vuguvugu la kusoma dhamira kwa kulinganisha vitabu. Jina tutalitafuta baadaye.

Ugomvi wetu ni na orodha. Tangu sekondari tumefundishwa kukagua kitabu kama ghala: ukoloni, rushwa, nafasi ya mwanamke, ushirikina. Orodha hiyo tunaibeba hadi chuo kikuu, tunaipamba kwa nadharia zilizotoka kwenye madesa, na tunafaulu. Anayesoma Kinjeketile akaandika "ushirikina" kisha akaendelea na swali linalofuata, hupata maksi zake.

Hapa Songea jibu hilo halitutoshi. Kila Februari 27 mji huu huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Walipigana wakiwa wameahidiwa maji ya kuwakinga na risasi. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake hiyo ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, anaonyesha dawa isiyozuia risasi lakini iliyowaunganisha watu waliokuwa wamegawanyika. Kinjeketile wake anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, maana neno hilo lingeua pia sababu ya kupigana.

Sasa mweke kando ya Chaka wa Thomas Mofolo, riwaya ya Kisotho iliyochapishwa 1925. Dawa ya Isanusi inafanya kazi, tena sana, na bei yake ni damu ya Noliwa, mchumba wa Chaka. (Wangoni, ambao mababu zao walihama kutoka kusini wakati wa vita vya enzi za Chaka, wana haki ya kukisoma kitabu hiki kwa jicho lao.) Macbeth wa Shakespeare naye anapewa kinga ya maneno tu, yanatimia yote, na ndiyo yanayomwangamiza.

Mofolo na Shakespeare wanampa mtu mmoja ahadi, nayo inakuwa njaa ya madaraka. Hussein anawapa umma, nayo inakuwa umoja. Tofauti hiyo haionekani ndani ya kitabu kimoja, hata ukikisoma mara ngapi.

Nani atatufundisha hayo? Kinjeketile yuko kwa watu wa Kiswahili, Macbeth kwa watu wa Kiingereza, Mofolo hana mwenyewe. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban Lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe, Afrika iwe kitovu. Tunawaheshimu. Lakini ukuta kati ya lugha na lugha bado tunao, na huo hatuwezi kumsingizia mkoloni milele.

Tunadai kozi inayoifuata dhamira moja kutoka lugha hadi lugha. Tunadai tafsiri zisomwe bila haya; Nyerere alimtafsiri Shakespeare akiwa Rais. Tunadai mtihani unaouliza kwa nini waandishi wawili wamefikia majibu tofauti. Na masimulizi ya Kingoni, Kimatengo na Kiyao yahesabiwe kuwa fasihi ya kulinganishwa, si mapambo ya sherehe za Februari.

Tutaanza na vitabu hivyo vitatu. Nakala zikiwa chache, mmoja atasoma kwa sauti na wengine watamkatiza. Anayejua Kisotho atakuwa mwalimu wetu, hata kama hana shahada. Madesa yabaki nyumbani.