Ada za wakili na dalali zinavyomla muuzaji nyumba Makadara

BEI inayotajwa mdomoni nyumba inapouzwa katika mitaa ya Makadara jijini Nairobi si pesa ambazo mwenye nyumba hutia mfukoni. Kati ya siku ya kupatana bei na siku ya kukabidhi funguo hujitokeza dalali, wakili, kaunti, wizara na mtoza ushuru, na kila mmoja hudai chake. Wauzaji wengi hugundua hayo wakati mnunuzi ameshalipa arbuni na hakuna tena njia ya kurudi nyuma.

Jambo la kwanza ni kujua nani hasa ana nyumba ya kuuza. Makadara ni eneo la ajabu kwa suala hili. Jericho, Maringo, Jerusalem na Kaloleni ni mitaa iliyojengwa na baraza la jiji, na wakazi wake ni wapangaji wa serikali ya kaunti, hata kama familia imekaa katika chumba hicho tangu enzi za babu. Anayechukua pesa ili "kuuza" nyumba ya aina hiyo huuza kitu kisicho chake, na hakuna wakili wala dalali anayeweza kuyahalalisha mauzo hayo. Mambo ni tofauti Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya sabini hadi mapema miaka ya themanini, ambako watu wa tabaka la kati walinunua nyumba zao kwa mikopo. Huko hatimiliki zipo, na soko lipo.

Soko hilo limetawaliwa na madalali. Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya mwaka 1984 iliunda bodi ya kuwasajili, na anayefanya kazi hiyo bila usajili anatenda kosa. Hata hivyo, ukipita kando ya Barabara ya Jogoo na vichochoro vyake utaona nambari za simu zilizopakwa ukutani na kwenye nguzo za stima, nyingi zikiwa hazina jina la kampuni wala anwani. Mara nyingi muuzaji huzungumza na dalali mmoja, kisha siku ya malipo hujikuta na watatu. Mmoja alipata habari kwamba nyumba inauzwa, wa pili alimjua mnunuzi na wa tatu aliwakutanisha hao wawili. Kila mmoja anaamini kamisheni ni yake.

Kinga dhidi ya vurugu hizi ni karatasi moja tu: barua inayomtaja wakala, kiwango cha kamisheni, siku ambayo italipwa na muda wa kibali chake. Kiwango kinachotajwa sana ni asilimia tatu ya bei, ingawa hujadiliwa. Siku ya malipo ni muhimu zaidi kuliko kiwango. Dalali hupenda kulipwa kutoka kwa arbuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, ilhali mauzo yenyewe yanaweza kuchukua siku 90 au zaidi, na yanaweza kuvunjika. Mauzo yakivunjika, muuzaji atatakiwa kurudisha arbuni ambayo sehemu yake dalali alikwisha kula.

Ada ya wakili ndiyo inayonung'unikiwa zaidi, na manung'uniko hayo yana kiini. Viwango vyake havipangwi na wakili mwenyewe. Huwekwa na Jaji Mkuu kwa mapendekezo ya baraza la Chama cha Mawakili, na vilipandishwa mwaka 2014. Hupanda kwa kufuata thamani ya mali, na sheria inamkataza wakili kuwavuta wateja kwa kutoza chini ya viwango hivyo. Kwa hivyo nyumba ya bei kubwa hulipiwa ada kubwa hata kama makaratasi yake ni yale yale. Hapa raia ana haki ya kuuliza kwa nini.

Lakini si kweli kwamba wakili hulipwa kwa kupiga muhuri tu. Mnunuzi akikopa benki, pesa hazitoki hadi hatimiliki isajiliwe kwa jina lake. Maana yake ni kwamba muuzaji hukabidhi hatimiliki na hati ya uhamisho iliyotiwa saini kabla ya kuona salio la pesa zake. Kinachomlinda katika kipindi hicho cha hatari ni ahadi ya kitaaluma, yaani ahadi ya maandishi ambayo benki au wakili wa mnunuzi humpa wakili wa muuzaji, na ambayo wakili akiivunja huweza kuandamwa mahakamani yeye binafsi. Dalali hawezi kupewa ahadi kama hiyo. Wala hawezi kuandaa hati za uhamisho kwa malipo, kwa kuwa Sheria ya Mawakili inamzuia asiye wakili. Basi wale wanaotumia wakili mmoja kwa pande zote mbili ili kuokoa pesa hujivua ngao hiyo, kwa sababu mtu hawezi kujipa ahadi mwenyewe.

Kuna pia vyeti: cha kuonyesha kwamba ada za ardhi za kaunti zimelipwa, cha kodi ya ardhi kutoka wizarani, na idhini ya kuhamisha panapohusika ardhi ya kukodishwa. Tangu Aprili 2021 shughuli nyingi za ardhi Nairobi zilianza kuhamishiwa mfumo wa Ardhisasa, lakini deni la ada lililolimbikizwa kwa miaka 15 halifutwi na kompyuta. Idhini ya mume au mke nayo si ya kuchezea, kwa kuwa nyumba ya ndoa haiuzwi bila hiyo.

Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, ni kodi ya faida ya mtaji. Ilirejeshwa Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia tano baada ya kusimamishwa kwa miongo mitatu, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Hulipwa na muuzaji. Ushuru wa stempu wa asilimia nne ni wa mnunuzi.

Tuchukue mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa Sh4 milioni na kuuzwa kwa Sh10 milioni. Wakala aliyesajiliwa akitoza asilimia tatu pamoja na VAT ya asilimia 16, atachukua Sh348,000. Wakili akitoza asilimia moja na nusu pamoja na VAT, ni Sh174,000. Gharama hizo hupunguzwa kutoka kwa faida ya Sh6 milioni, na kodi huwa Sh821,700. Sasa tumtazame anayemlipa broka wa mtaani Sh300,000 taslimu bila risiti, akidhani ameiepuka VAT. Kwa kuwa hana ushahidi wa malipo hayo, kodi yake hupanda hadi Sh873,900. Ukijumlisha kamisheni na kodi, broka huyo amekuwa ghali kuliko wakala halali kwa Sh4,200.

Hesabu hiyo hiyo huwaumiza wenye nyumba Buruburu kwa njia nyingine. Wengi wameongeza vyumba, ghorofa na vibanda vya biashara. Gharama za kuiboresha nyumba nazo hupunguza faida inayotozwa kodi, lakini fundi wa mtaa hatoi risiti, na za duka la vifaa zilitupwa zamani. Aliyenunua miaka ya themanini huhesabiwa bei ya shilingi za wakati huo, bila kujali jinsi shilingi ilivyodhoofika.

Sheria inamsamehe kodi hii mtu aliyeishi katika nyumba yake kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza. Lakini Buruburu imejaa wenye nyumba waliohamia pembezoni mwa jiji na kuacha wapangaji. Hao hawana msamaha huo. Ni swali ambalo mwenye nyumba angepaswa kumuuliza wakili kabla dalali hajamleta mnunuzi wa kwanza, wakati ambapo bei bado inaweza kupangwa upya.