Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Mama mmoja wa upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, alinijia na huzuni yake. Alikuwa ameuza kahawa, na fedha hiyo akanunulia betri mpya ya sola, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikizima taa saa mbili usiku. Mwezi haukwisha, betri mpya nayo ikazima saa ile ile, na watoto wakarudi kusoma kwa kibatari. Sasa alikuwa akishauriwa anunue ya tatu!

Nilikwenda kwake na mita ya kupimia umeme. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Penye kontrola, kwenye vituo vya betri, nilipata volti 14.3. Kisha nikapima juu ya vichwa vya betri yenyewe: 13.1. Volti nzima na zaidi ilipotelea njiani! Waya ulikuwa mwembamba na mrefu, na kibanio chake kimejaa unga mweupe wa kutu. Kontrola iliona volti za kwake, ikadhani betri inakaribia kushiba, ikapunguza chakula. Betri ikalala na njaa kila siku.

Basi wasomaji wangu wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja mpaka mwaka 2012, nawaomba mjifunze kupima kabla ya kutoa fedha. Maneno haya ni ya betri ya asidi ya volti 12. Betri za lithiamu zina hesabu zake.

Kwanza, pima betri alfajiri, kabla ya jua, taa zikiwa zimezimwa tangu usiku. Betri iliyojaa huonyesha kama 12.7. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu hivi. Ikiwa 11.8 au chini yake, imekwisha, na kuiacha hivyo siku nyingi ni kuiua, kwa maana bamba zake hushika chumvi ngumu isiyotoka tena.

Pili, saa sita mchana pima penye kontrola na penye betri, kama nilivyofanya mimi. Tofauti yafaa iwe ndogo sana. Ikiwa kubwa, safisha vibanio, kaza misumari, weka waya mnene na mfupi.

Tatu, itazame paneli. Ukiichomoa na kuipima juani, paneli ya kawaida ya betri ya volti 12 hutoa volti 20 hivi, au zaidi kidogo. Ukiirudisha, kwa kontrola nyingi za bei nafuu volti zake hushuka zikaribiane na za betri. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Tena volti peke yake zaweza kukudanganya: jani la mgomba likitia kivuli penye kona moja tu, mita yasema vizuri, lakini nguvu imepungua sana. Kata jani hilo, na ufute vumbi la kiangazi.

Nne, fahamu kwamba kontrola kuzima taa si ugonjwa. Betri ikishuka karibu na volti 11, kontrola hukata ili kuiokoa, na hairudishi taa mpaka betri ipate nguvu ya kutosha. Lakini inveta ya televisheni iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri haipiti hapo. Huendelea kunyonya, na taa ndizo zinazolaumiwa.

Ikiwa hayo yote ni mema, na betri iliyopata volti 14 mchana yaanguka chini ya 12 kwa saa chache bila kuwasha kitu, hapo kweli imezeeka.

Sasa neno la onyo. Wako wanaoiondoa kontrola na kuifunga paneli kwenye betri. Msikubali! Betri huchemka, maji yake hukauka, na hewa itokayo yaweza kulipuka kwa cheche moja. Unapofungua nyaya, anza na paneli, betri iwe ya mwisho. Unapofunga, betri iwe ya kwanza. Vua pete na bangili. Weka fyuzi karibu na betri. Ongeza maji ya betri tu, kamwe si ya kisimani. Na watoto wakae mbali na asidi.

Mama yule alinunua waya mnene wa mita tatu, tukasafisha vibanio kwa maji ya magadi, tukikaza vifuniko vya betri yasiingie ndani. Baada ya siku chache za jua, taa ilifika saa nne usiku, watoto wakilala wenyewe kwa usingizi. Betri ile ya kwanza, aliyokwisha kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, labda ilikuwa nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na kahawa huvunwa mara moja kwa mwaka.